Ukiishi na Yaliyopita, Mwenzako Ataishi na Nani?



Mara nyingi tukizungumza juu ya hatari za ndoa tunataja mambo yanayoingia nyumbani kutoka nje: ulevi, marafiki wabaya, maneno ya mashemeji. Leo tuzungumze juu ya jambo linaloingia kutoka nyuma. Kuna mume aliyefunga ndoa kanisani, ana watoto, analeta unga nyumbani, lakini moyoni anakaa na msichana aliyemjua zamani. Kuna mke ambaye kila akikosana na mumewe huwaza, "Laiti ningeolewa na yule wa kwanza." Usiku, mwenzake akisha lala, anafungua simu na kutazama picha za mtu ambaye sasa ana jamaa yake. Hajazini. Hajamwandikia hata salamu. Anajiambia kwamba hakuna ubaya wowote.

Je, ni kweli hakuna ubaya? Ili tupate jibu, nitakusimulia hadithi ya mtu mmoja ambaye aliyatumikia yaliyopita mpaka yakamwua. Hakuwa mtu wa kweli. Ni mtu wa kubuniwa katika kitabu cha Kimarekani kiitwacho The Great Gatsby, kilichoandikwa na F. Scott Fitzgerald na kuchapishwa mwaka 1925. Labda mwanao amekisoma chuoni, au wewe mwenyewe umeona sinema yake ya 1974 au ile ya 2013. Watu wengi huiita hadithi ya mapenzi. Soma pamoja nami, halafu uamue mwenyewe.

HADITHI YENYEWE

Kijana James Gatz alizaliwa katika nyumba ya wakulima maskini huko North Dakota. Aliuonea haya umaskini wa wazazi wake, na alipofika umri wa miaka 17 aliliacha jina lao akajiita Jay Gatsby. Mwaka 1917, akiwa ofisa wa jeshi katika mji wa Louisville, alimpenda msichana tajiri aitwaye Daisy. Vazi la jeshi lilimfichia umaskini wake, naye akamwacha Daisy aamini kwamba wao ni watu wa hali moja. Kisha akapelekwa vitani Ulaya.

Daisy alingoja, halafu akachoka kungoja. Mwezi wa Juni 1919 aliolewa na Tom Buchanan, kijana wa ukoo wenye mali nyingi kutoka Chicago. Siku moja kabla ya arusi Tom alimpa mkufu wa lulu wa thamani ya dola 350,000. Jioni ile bibi arusi alionekana amelewa, ameshika barua mkononi, akisema kwamba amebadili nia. Waliokuwa naye walimtia katika maji baridi, na ile barua ikalowa ikakatikakatika. Nusu saa baadaye alikuwa na lulu shingoni, na kesho yake akafunga ndoa.

Gatsby aliporudi alikuta Daisy ni mke wa mtu. Hakukubali. Alijiambia kwamba kilichomkosesha Daisy ni fedha, basi akizipata fedha atampata Daisy. Wakati ule pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini Marekani, tangu 1920 hadi 1933, na watu wa magendo walitajirika upesi. Gatsby akaingia katika magendo ya pombe na mambo mengine ya siri. Akanunua jumba kubwa kando ya maji karibu na New York, ng'ambo tu ya nyumba ya Daisy. Usiku alisimama peke yake akiitazama taa ya kijani iliyowaka kwenye gati la nyumba ile. Akafanya karamu kubwa kubwa, mamia ya watu wakala na kunywa kwake bila hata kualikwa, naye akitumaini kwamba siku moja Daisy ataingia mlangoni.

Mwishowe, katika majira ya joto ya 1922, walikutana kwa chai katika nyumba ya jirani ambaye ni ndugu wa mbali wa Daisy. Gatsby akamtembeza Daisy katika jumba lake. Akamwonyesha hata mashati yake ya bei kubwa, akiyarusha moja baada ya jingine juu ya meza, mpaka Daisy akainamia mashati yale na kulia. Wakaanza kuonana kwa siri.

Lakini Gatsby hakuridhika. Alimtaka Daisy amwambie mumewe kwamba hakumpenda hata siku moja, ili ile miaka iwe kama haikuwapo, nao waanze upya pale walipoachia 1917. Siku ya joto kali, katika hoteli moja mjini New York, alimlazimisha aseme hivyo mbele ya Tom. Daisy alijaribu, akashindwa. Alikiri kwamba alimpenda Gatsby, lakini pia kuna wakati alimpenda Tom. Kwa Gatsby neno hilo lilikuwa pigo kubwa.

Jioni hiyo, wakirudi nyumbani, Daisy aliendesha gari la Gatsby akamgonga na kumwua mwanamke mmoja barabarani. Kumbe mwanamke huyo alikuwa hawara wa Tom. Gatsby alikuwa tayari kulichukua kosa lile lionekane lake. Mume wa marehemu, akiamini kwamba Gatsby ndiye mwuaji, alimpiga risasi katika bwawa lake la kuogelea, kisha akajiua. Kati ya mamia waliokula karamu zake, mazishini alifika mmoja tu, pamoja na baba yake mzee, yule jirani, watumishi na mleta barua. Daisy alikuwa amekwisha safiri na mumewe. Hakutuma hata ua moja.

ALIMPENDA NANI?

Msomaji wangu, jiulize: Gatsby alimpenda nani? Daisy wa 1922 alikuwa na mume, na binti wa miaka mitatu. Siku moja mtoto yule aliletwa sebuleni kuwasalimu wageni, na Gatsby akamtazama kwa mshangao, kana kwamba hakuwa ameamini kwamba mtoto huyo yupo. Katika ndoto yake hapakuwa na nafasi ya mtoto. Ndani mle alikuwamo msichana wa miaka 18 tu, usiku mmoja wa zamani, na yeye mwenyewe akiwa kijana. Aliipenda saa moja ya maisha yake, akaiita saa hiyo Daisy.

Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Yule unayemkumbuka hakuwahi kukuuliza fedha za karo zimekwenda wapi. Hukumwona akiugua tumbo usiku, wala hakukuona wewe ukiwa na hasira. Mliachana kabla ya kuchoshana. Basi unapomlinganisha mke wako na huyo, unamlinganisha mtu mwenye mwili na mtu asiye na mwili. Mwenye mwili atashindwa kila siku, hata akiwa mtakatifu.

Kumbukumbu zina desturi ya kuchagua. Waisraeli walipokuwa jangwani walilia wakikumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri (Hesabu 11:5). Chakula walikikumbuka vizuri. Minyororo na viboko waliisahau. Wewe nawe ukimkumbuka yule wa zamani, jaribu kukumbuka pia kwa nini mliachana.

MALI HAINUNUI SIKU ILIYOPITA

Gatsby aliamini kwamba fedha zinaweza kurudisha saa nyuma. Tusimcheke. Wako wanaume wanaojenga nyumba kubwa shambani kwa sababu tu miaka 20 iliyopita baba wa msichana fulani aliwadharau walipoleta mahari ndogo. Mke aliyemo ndani ya nyumba hiyo hajui kwamba haikujengwa kwa ajili yake. Wako wanaokaa miaka mjini au ng'ambo wakisema, "Nikisha pata za kutosha nitarudi tuishi vizuri." Wakirudi wanakuta watoto wana ndevu. Fedha walizozileta ni halali, na jasho ni lao, lakini ule utoto hauuzwi dukani.

Bwana wetu alisimulia habari za tajiri aliyebomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, naye hakujua kwamba usiku uleule roho yake itatakwa (Luka 12:16-21). Gatsby ni ndugu yake tajiri huyo. Tofauti ni kwamba mmoja aliweka akiba kwa miaka ambayo haitakuja, na mwingine kwa miaka iliyokwisha pita. Wote wawili waliikosa leo.

Na Daisy naye alikuwa na kosa lake. Alikwenda kufunga ndoa na lulu shingoni huku barua ya mwingine imetoka tu mkononi mwake. Kijana unayesoma ukurasa huu na arusi yako iko karibu, sikiliza. Kabla ya kupokea ridhaa yenu, Padre atawauliza kama mmekuja kwa hiari, bila kulazimishwa. Swali hilo si la kupamba ibada. Kama jibu la kweli la moyo wako ni "Hapana, lakini wageni wamekwisha alikwa na ng'ombe wamekwisha lipwa," mwone Padre mapema. Aibu ya arusi iliyoahirishwa itapita. Ndoa ni ya maisha.

USIMTAKE MWENZAKO AFUTE MAISHA YAKE

Kosa kubwa la Gatsby lilionekana pale hotelini. Hakuridhika kupendwa leo. Alitaka Daisy akane kwamba aliwahi kumpenda mwingine. Alimtaka aseme uongo, ili yeye apate amani.

Kosa hili linafanyika katika nyumba za Kikristo. Mume anamwuliza mkewe usiku baada ya usiku: "Yule wa zamani ulimpenda? Ulimpenda kuliko mimi?" Akijibu ndiyo, ni vita. Akijibu hapana, anaitwa mwongo. Au mwanamke ameolewa na mjane, na jambo la kwanza analofanya ni kuiondoa ukutani picha ya marehemu, na watoto wa marehemu hawaruhusiwi kumtaja mama yao. Dada yangu, marehemu hakunyang'anyi kitu. Moyo uliojua kumpenda yeye ndio huo unaojifunza kukupenda wewe. Ukiulazimisha umkane, unaufundisha kukana.

Sheria ya Kanisa ya 1983, katika kanuni ya 1057, inafundisha kwamba ridhaa ndiyo inayofanya ndoa, na kwamba kwa ridhaa hiyo mume na mke wanapeana na kupokeana kwa agano lisilotanguka. Ulimpokea mtu mzima pamoja na historia yake. Haikuwa ahadi ya kumpokea kuanzia siku ya arusi tu.

TUSIMSAHAU TOM

Labda unasema, "Mimi ni mume halali, nina cheti cha ndoa, kwa hiyo hadithi hii ni ya wengine." Tom naye alikuwa mume halali. Alikuwa na hawara ambaye simu yake iliita wakati wa chakula cha jioni, mke akisikia. Alimpa Daisy lulu, hakumpa muda wala uaminifu. Gatsby aliweza kuingia kwa sababu nyumba ile ilikuwa imekwisha kuwa baridi.

Ukimwona mwenzako anatazama nyuma sana, uliza pia mbele kuna nini. Lini ulimwuliza habari za siku yake na kungoja jibu? Hili haliwezi kuwa udhuru wa anayetamani nje. Lakini mlinzi wa mlango hawezi kumlaumu mwizi peke yake ikiwa yeye mwenyewe aliuacha wazi.

MWANDISHI ALIYAJUA HAYA

Fitzgerald alibatizwa Mkatoliki akasoma katika shule ya Kikatoliki. Januari 1915, akiwa na miaka 18, alimpenda msichana tajiri wa Chicago, Ginevra King, ambaye baadaye aliolewa na mwingine mwaka 1918. Nakala za barua zake, zilizopigwa chapa, Fitzgerald alizitunza hadi kufa. Mchumba wake wa pili, Zelda Sayre, alivunja uchumba mwaka 1919 kwa kuwa kijana hakuwa na fedha. Riwaya yake ya kwanza ilipotoka, tarehe 26 Machi 1920, fedha zikaonekana, na siku nane baadaye wakafunga ndoa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Ndoa ile ilipita katika anasa, pombe, madeni na ugonjwa wa akili wa Zelda. Fitzgerald alifariki Desemba 1940, akiwa na miaka 44, mbali na mkewe.

Kwa kuwa alikuwa ameacha kushika dini, hakukubaliwa kuzikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya jamaa yake huko Rockville, Maryland. Lakini mwaka 1975, kwa ombi la binti yao, yeye na Zelda walihamishiwa katika makaburi hayo ya Mtakatifu Maria, wakalazwa pamoja. Mama Kanisa hakumfungia mlango hata mwisho. Nawe pia, umekaa nyuma kwa miaka mingapi? Mlango wa kurudi nyumbani bado uko wazi.

UFANYE NINI?

Kwanza, tofautisha kukumbuka na kutumikia. Kumkumbuka mtu uliyempenda si dhambi. Hatari inaanza pale unapomtafuta, unapomtunzia siri, na unapomfanya awe kipimo cha mwenzako. Kama mwenzako akiingia ghafula unageuza simu, umekwisha pata jibu lako.

Pili, kata njia ya kurudi. Barua zichome. Namba ifute. Acha kutafuta habari zake mitandaoni. Usimwandikie ujumbe wa kumwaga. Ujumbe wa kumwaga ndio unaofungua mlango mara nyingi.

Tatu, nenda kaungame, kisha mwombe Padre ushauri kabla ya kumwambia mwenzako kila kitu. Ukweli ni mzuri, lakini kuna watu wanaoutua mzigo wao kwa kuutupa juu ya kichwa cha mke au mume.

Nne, rudisha macho nyumbani. Kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, mtajie mwenzako jambo moja alilolitenda siku hiyo ambalo unamshukuru. Mwanzoni utaona haya. Endelea. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, ya mwaka 2016, anatufundisha kwamba upendo hauna haja ya kuwa mkamilifu ndipo tuuthamini. Aliye kando yako anakupenda kadiri anavyoweza.

Tano, kama kweli ulilazimishwa kuingia katika ndoa yako, usikae ukiota na kunung'unika. Nenda ukaongee na Padre. Kanisa lina mahakama yake inayosikiliza mashauri ya namna hiyo kwa haki.

NENO LA MWISHO

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma habari za Yakobo, aliyempenda Raheli na kumfanyia kazi miaka saba. Mara nyingi tunamwonea huruma Yakobo kwa kudanganywa. Lakini katika nyumba ile alikuwamo pia Lea, mke aliyelala karibu na mume ambaye moyo wake ulikuwa kwa mwingine. Maandiko yanasema kwamba Bwana aliona kuwa Lea hapendwi (Mwanzo 29:31). Hakuna aliyemwona, ila Mungu alimwona.

Basi hili ndilo jibu la swali letu la mwanzo. Hujazini, hujaandika barua, hujatoka nje ya nyumba. Lakini yuko mtu mmoja anayepika, anayefua, anayesafiri kwa matatu alfajiri kwenda kazini, naye anaishi peke yake ndani ya ndoa yenu. Hajui kwa nini. Anafikiri labda amenenepa, labda amezeeka, labda hajui kusema maneno matamu. Mungu anamwona. Usiku huu, zima ile taa ya ng'ambo, ugeuke umtazame.

MASWALI YA KUTAFAKARI PAMOJA

1. Ni jambo gani la zamani, liwe la mapenzi au la fedha, ambalo bado linaniamulia mambo nyumbani?

2. Je, nimewahi kumtaka mwenzangu akane maisha yake ya kabla yangu? Nimwombe msamaha namna gani?

3. Kama fedha tulizo nazo leo hazitaongezeka hata kidogo, ni kitu gani kizuri tunaweza kufanya pamoja wiki hii?

TUSALI

Ee Bwana, wewe uliye Mungu wa jana, leo na milele, tunaweka mikononi mwako wale tuliowapenda na tukaachana nao. Uwabariki katika nyumba zao. Utuponye macho yetu, tumwone yule uliyetupa. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.